Mama Aliyetaka Kujua Mtu Huachwaje Jangwani

Lile hema nililijua kabla halijafika chini.

Lilishushwa kutoka nyuma ya Prado nyeupe, mbele ya gereji yetu hapa mtaa wa Ghala, Muscat, saa nne asubuhi. Hema la kijani, limefifia kwa jua, na ubavuni lina namba sita ya rangi nyeupe.

Hiyo sita niliipaka mimi, kwa mkono wangu, kule Livingstone, Zambia, miaka minne iliyopita.

Wueh! Niliacha mashine ya kushonea, nikatoka nje.

Mwenye gari alikuwa mama mmoja wa miaka sitini hivi, abaya nyeusi, miwani minene, mwendo wa pole pole. Waomani wa hapa wenye asili ya Zanzibar unawajua wakifungua tu mdomo.

"Asalaam aleikum, baba. Nnaambiwa hapa yupo Mkenya anayeshona mahema."

"Ndiye mimi, mama. Naitwa Sammy."

"Mimi Bi Shariffa. Zipu ya mlango imekwama, nami nnalitaka kwa Jumamosi. Nnakwenda kulipiga Yiti, ufukweni, nikae ndani yake nimsomee mwanangu khitma."

Najua kuna mtu hapo anasema nimetunga, sadfa gani hiyo. Buda, tulia. Kwenye gereji yetu wengine wote wanafunga rafu za juu ya gari, friji za kambi na mataa. Anayeshona turubai ni mimi pekee. Muscat hii watu wanapenda kambi kuliko nyumba zao, na ukiulizia fundi wa hema utaletwa kwangu tu. Hema hilo lingenifikia leo au mwakani.

"Mwanao anapenda kambi?" nikauliza.

Niliuliza nikiwa najua jibu. Mwenye hatia huwa mjinga wa ajabu.

"Alikuwa akipenda," akasema. "Alifia huko Botswana. Hili ndo hema alolala mara ya mwisho. Vitu vyake vyote vililetwa vimefungwa humu."

Acha niwarudishe nyuma kidogo.

Kabla sijaja Oman nilikuwa dereva wa safari za makundi kusini mwa Afrika. Chukua lori kubwa, lifunge viti na madirisha, pakia watalii kumi na wanane wasiojuana, uzunguke nao siku kumi na tisa: Zambia, Botswana, Namibia. Hoteli hakuna. Kila mtu anapiga hema lake, wawili wawili, na anaosha vyombo kwa zamu. Sahani hazifutwi kwa kitambaa, mnasimama duara mnazipunga hewani mpaka zikauke. Watu walikuwa wanalipa pesa nzuri kuteseka namna hiyo, na mimi nilikuwa nalipwa kuwatesa.

Crew ilikuwa watu wawili. Mimi kwenye usukani, na Peninah, mama wa Naivasha, jikoni.

Sheria ya kwanza ya ile kazi ni kuhesabu watu. Lori likisimama, hata kama ni dakika tano za kujisaidia, haliondoki kabla dereva hajahesabu. Madereva wengi wanahesabu vichwa. Mimi nilikuwa na mtindo wangu wa haraka, nilikuwa naita mahema.

"Hema la kwanza!"

"Tupo!"

"Hema la pili!"

"Tupo!"

Hilo neno niliwafundisha siku ya kwanza, na walilipenda kupita kiasi. Walikuwa wanalipiga kelele mpaka mbuzi wa watu wanakimbia. Ubaya wa huo mtindo ni kwamba mmoja anaweza kujibu kwa niaba ya wawili. Mwenzako akisinzia, unamjibia.

Hema la sita walikuwa binamu wawili kutoka Muscat, Loay na Hatem. Loay miaka ishirini na sita, Hatem ishirini na mbili. Nilifurahi sana kuwasikia wanaongea Kiswahili, tena kitamu kuliko changu. Loay alikuwa mpole, na akiwa kwenye zamu ya vyombo alikuwa anaimba. Peninah alimpenda kama mdogo wake, akawa anamtengea mboga zake pembeni kwa sababu nyama za njiani Loay hakuwa na hakika nazo.

Siku ya tisa ndiyo iliyotumaliza.

Kule Botswana kuna bonde la chumvi linaitwa Makgadikgadi. Ni tambarare nyeupe mpaka macho yanauma, huoni mti wala kilima, ni alama za matairi tu zinazokatana huku na huku. Ilikuwa Oktoba, jua lile la kuua. Nikajifanya mjuaji, nikachukua njia ya mkato ya pembeni. Lori likazama mchangani. Tulichimba kwa koleo masaa mawili, watalii wananuna, mimi natukana kwa Kikwetu ili wasielewe.

Tulipotoka, tukasimama kidogo kwenye vichaka vya mwisho, pembezoni mwa bonde, watu wajisaidie. Kisha tukaondoka. Saa moja mbele kuna geti la ukaguzi wa mifugo, tukasimama hapo dakika chache, na kwa kuwa sikushusha mtu sikuhesabu. Kisha tukaenda moja kwa moja mpaka kambini.

Kambini Hatem akashuka peke yake, nywele zimevurugika kwa usingizi, hedifoni shingoni.

"Loay yuko wapi?"

Tulidhani anatania.

Nililigeuza lori jioni ile ile, nikapotea kwenye zile alama. Alipatikana kesho yake mchana, ameanguka njiani, kati ya vile vichaka na lile geti. Hapo sielezi zaidi, mniwie radhi.

Polisi waliniuliza: dereva, pale vichakani ulihesabu? Nikawaambia niliita, na hema la sita likajibu "tupo". Wakamuuliza Hatem, naye akakubali kwamba alijibu.

Polisi wakapiga hesabu yao. Kama pale vichakani Loay alikuwemo garini, na maiti yake imekutwa kabla ya geti, upande tuliotoka, basi alishuka mwenyewe getini kimya kimya, akarudi jangwani kwa miguu na kichupa kimoja cha maji. Simu yake aliiacha kwenye kiti. Tena ikajulikana kwamba mwezi mmoja kabla ya safari mchumba wake alikuwa amevunja uchumba.

Ripoti iliandika "aliondoka kwa hiari yake". Hiyo tu. Neno lile lingine halikuandikwa, lakini mnajua binadamu na midomo yao.

Turudi Ghala.

Nilibadilisha zipu huku mama ameketi kwenye kiti cha plastiki, anakunywa karak, ile chai nzito ya maziwa, aliyoletewa na bosi wangu Ghassan. Nikamaliza. Nikalikunja hema mara tatu kwa urefu, nikalipigia goti kutoa hewa, nikalizungusha kamba.

Mama akaweka kikombe chini.

"Hatem, mtoto wa dada yangu, hulikunja vivyo hivyo. Alifundishwa huko safarini. Nawe ulifundishwa wapi?"

Ulimi ukateleza kabla akili haijafika.

"Nilifanya hizo kazi, mama. Za kuendesha makundi. Huko huko kusini."

Alisimama, jamani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Alhamdulillah! Miaka minne nnatafuta mtu wa kumuuliza. Kampuni hawajibu barua zangu, na Hatem nikimuuliza hulia tu. Nambie, baba. Mtu huachwaje jangwani?"

"Vipi, mama?"

"Gari imejaa watu. Dereva yupo, mpishi yupo. Mtu huachwaje?"

Nikamweleza jinsi kuhesabu kunavyofanyika. Nilieleza vizuri sana, kama mwalimu. Yeye anatikisa kichwa, anafuata neno kwa neno.

"Kwa hivyo wakiita, na hema lako likajibu, ina maana umo garini."

"Ndiyo, mama."

"Basi huwezi kuachwa."

"Ni vigumu."

"Basi mwanangu alishuka mwenyewe."

Gereji nzima ilikuwa na kelele za grainda, lakini mimi nilikuwa nasikia pumzi yake tu. Nilichotakiwa kusema nilikuwa nacho mdomoni.

Nikasema, "Labda."

Akakaa tena pole pole. Hakulia, na bora angelia.

"Sheikh aliniambia nimwachie Mola, nami nnamwachia," akasema. "Lakini kila nikiinua mikono kumwombea, ulimi unanikwama. Sijui nnamwombea alokufa kwa ajali au alojiua. Matanga siku ya kwanza nyumba ilijaa. Siku ya pili, habari zishafika, wakaja wachache. Siku ya tatu nikabaki na majirani wa Kihindi. Na mimi ndo nilomlipia ile safari, ili akamsahau yule msichana."

Nilisema pole. Mnajua kuna pole ambazo zingekuwa bora zisisemwe?

"Njoo Jumamosi ulipige wewe," akaniambia akiondoka. "Hatem atatuchukua. Nnataka lipigwe sawasawa, kama kule."

Nikasema Jumamosi nina kazi. Ghassan, aliyekuwa anapita na spana yake, akaingilia kwa roho safi kabisa:

"Nenda na mama, Sammy. Jumamosi sina kazi na wewe."

Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya ibada hata kwetu Wakristo, nilienda kanisani, sikusikia hata mstari mmoja. Nilipotoka nikampigia Peninah, siku hizi ana kibanda cha chakula Naivasha.

"Mama yake Loay amekuja gerejini kwangu."

 Nasikia sufuria zinagongana upande ule.

"Sammy, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye niseme kwa simu. Nimekaa na hiyo kitu miaka minne nikikulindia kazi. Mwambie huyo mama."

"Na wakinifunga?"

"Basi wakufunge!"

Akakata.

Jumamosi asubuhi Prado ikaja kunichukua Ghala. Hatem ndiye alikuwa kwenye usukani. Nilimwona akinitambua: mkono wake ulikwama kwenye gia. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia, na macho yamezama ndani. Yule kijana wa hedifoni na vicheko sikumwona tena mle.

"Huyu ndo Sammy, fundi wa hema," mama akasema. "Alishafanya kazi kama zile za safari yenu."

"Ahlan," Hatem akasema, akatazama mbele.

Tukashika njia ya milimani kwenda Yiti. Mama alikuwa anavuta tasbihi, mimi nyuma nimelikumbatia hema.

Ufukweni palikuwa na watu wachache. Familia mbili zimetandika mikeka mbali kule, vijana wanapiga mpira. Mama alichagua mahali, akasimama pembeni. Mimi na Hatem tukalipiga lile hema bila kuelekezana. Yeye nguzo, mimi vigingi.

Tulipokuwa upande wa nyuma, tumeinama, akaniita kwa sauti ya chini.

"Sammy."

"Hatem."

"Usimwambie khalti," akasema, ndivyo alivyomwita Bi Shariffa, dada wa mamake, "wewe ni nani. Ngoja kwanza nimwambie mimi."

"Umwambie nini?"

"Yangu. Nimejiandaa tangu Ramadhani, ndo maana nilimwambia tuje hapa." Alikishikilia kigingi ili nikipige. "Nlojibu 'tupo' ni mimi. Nililala na hedifoni, nikajibu usingizini, sikutazama kiti cha Loay. Wallahi sikumbuki hata nilivyojibu, nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kinauma. Lakini wewe ulinisikia. Nimemuua ndugu yangu, Sammy. Kisha nikanyamaza watu wakisema kajiua, kwa sababu niliogopa khalti atanifukuza. Mamangu alikufa nina miaka mitano. Khalti ndo mamangu."

Alikuwa ameacha chuo. Usiku hakuwa akipata usingizi. Aliniambia hayo yote nikiwa nimeshika nyundo.

Na mimi, msinione mtu mwema, nilipiga hesabu zangu pale pale. Nikasema moyoni: huyu kijana atasema, mama atajua mwanawe hakujiua, atalia, atamsamehe, si ni damu yake? Na mimi nitarudi Ghala kushona zipu.

"Sawa," nikamwambia. "Mwambie."

Mama aliingia hemani, akakaa kwenye mkeka, msahafu mapajani. Hatem akapiga magoti mlangoni. Mimi nilisimama hatua chache, nasikia kila kitu.

Alisema yote. Usingizi, hedifoni, "tupo", kiti ambacho hakukitazama.

"Kwa hivyo Loay hakushuka getini?"

"Hakushuka, khalti. Aliachwa vichakani. Alitembea akitufuata sisi."

"Hakujiua."

"Hakujiua, khalti."

Mama aliweka msahafu juu ya mto, akaanguka kifudifudi, akasujudu. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo unamtikisika, anasema maneno ambayo sikuyaelewa yote. Nilijikuta nalia, nikafuta machozi na mkono wenye mchanga. Nikafikiri mambo yameisha.

Alipoinua uso na kumtazama Hatem, uso ulikuwa umebadilika.

"Miaka minne unakula kwenye sinia yangu."

"Khalti..."

"Miaka minne unanisikia nikimwombea kwa woga. Unakaa pale, unatafuna, unanitazama."

"Nisamehe, khalti. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kufukuzwa? Basi ondoka. Na usiniite khalti tena."

Hatem alisimama. Alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka mbele yake kwenye mkeka. Akavua viatu, akaelekea majini. Nilidhani anaenda kunawa uso.

Maji yakamfika magotini. Kiunoni. Hakugeuka nyuma.

Sasa ndugu zangu, hapa nisimame, kwa sababu kuna kitu nimewaficha hata ninyi tangu mwanzo. Rudini juu mkasome tena. Nimeandika kwamba niliwaambia polisi niliita. Hakuna mahali nimewaambia kwamba niliita.

Sikuita.

Siku ile pale vichakani sikuita hema hata moja. Nilikuwa na hasira, nimechelewa, nimeshiba kelele za wale watu. Nilitazama kwenye kioo nikaona vichwa, nikasema wametosha. Peninah alipopanda aliniuliza, "Umeita?" Nikamjibu, "Funga mlango, twende."

Na Loay nilikuwa nimemwona. Nilimwona akipita vile vichaka na kichupa cha maji, akaenda upande wa pili wa tuta la mchanga kutia udhu na kuswali. Alipenda kuswali mbali na watu tangu mtalii mmoja ampige picha akiwa kwenye sijda. Nilimwona akienda. Sikumngoja arudi kwa sababu nilimsahau. Huo ndio ukweli, nilimsahau kama mtu anavyosahau mwavuli.

Kisha usiku ule wa kambini, kijana amechanganyikiwa, anauliza "ilikuwaje, ilikuwaje", nilimkalisha chini nikamwambia: "Hatem, niliita. Ulijibu. Nilikusikia." Akasema hakumbuki. Nikamwambia, "Ulikuwa usingizini, lakini ulijibu." Nilirudia mpaka akakubali. Asubuhi polisi walipokuja, alikuwa anaamini kuliko mimi.

Kwa hiyo sasa Hatem yuko baharini Yiti, maji yamemfika kifuani, na aliyempeleka mle ni mimi.

"Mama! Muite arudi!"

"Muache," akasema, hajatazama nje.

"Mama, hakujibu! Hakuna aliyejibu! Mimi ndiye nilikuwa dereva. Mimi! Sikuita siku ile. Nilimwona Loay akienda kuswali, nikamsahau, nikaondoka. Huyu mtoto nilimdanganya."

Alinitazama kama ambaye hajaelewa lugha.

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii alisikia, kwa sababu alitoka hemani mbio, mama wa miaka sitini, ushungi umeanguka, abaya inaburuta mchangani, anapiga ukelele.

"Hatem! Hatem! Rudi mwanangu! Rudi!"

Hatem hakugeuka. Mama akaingia majini na nguo zake zote. Nikamfuata. Wale vijana wa mpira wakasimama wanatazama. Alimfikia, akamkamata shati kwa nyuma kwa mikono miwili, akamvuta kama mtu anayevuta ng'ombe kisimani. Tulitoka tumelowa watatu, tukaketi mchangani tunahema.

"Mwambie," mama akaniamuru. "Mwambie mwenyewe, mtazame machoni."

Nikamwambia.

"Sikujibu?" Hatem akauliza.

"Hukujibu. Sikuita."

"Lakini nnajisikia nikijibu. Kila nikifumba macho nnajisikia."

"Ni mimi nilikwambia."

Nilitegemea anipige. Ningeshukuru angenipiga. Alinitazama tu, kisha akageuka pembeni akatapika.

Mama alimfunika mgongo kwa ushungi wake uliolowa, akawa anamsugua kama mtoto mchanga, anamwambia nisamehe, nisamehe mwanangu. Kisha akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Sammy. Loay ulimsahau. Binadamu husahau. Hata mimi niliwahi kumsahau dukani, Mutrah, ana miaka mitatu, nikafika mpaka kwenye gari ndo nikakumbuka. Mimi nilirudi nikamkuta, wewe ulirudi hukumkuta. Hilo nimekusamehe, hapa hapa, mbele ya Mungu."

Nikaanza kusema ahsante. Akainua mkono.

"Sijamaliza. Hatem hukumsahau. Huyu ulimkumbuka kila siku kwa miaka minne, ukijua kabeba mzigo wako, ukamwacha aubebe. Mpaka leo hapa, kapiga magoti mbele yangu, umesimama na nyundo yako ukinisikiliza nikimfukuza. Hilo si langu kulisamehe. Muombe mwenyewe. Asipokupa, usimlaumu."

Nikamgeukia Hatem. Nikapiga magoti, nikamwomba. Alikuwa anatazama mchanga.

"Niondolee huyu, khalti," akasema.

Niliondoka kwa miguu. Lori la maji likanichukua njiani mpaka mjini.

Jumatatu niliandika maelezo mapya, kurasa tatu, kwenye meza ya Ghassan. Nikayatia sahihi, nikayatuma kwa polisi wa kule, na nakala nikampelekea mama. Ghassan aliyasoma yote. Hakunifukuza, lakini siku hizi karak yangu najichukulia mwenyewe. Kama nitaitwa, sijui. Nikiitwa nitaenda.

Mama alikusanya ukoo mzima akawasomea zile kurasa, hata wale walioacha kuja matangani siku ya pili. Baadaye alinitumia sauti kwenye simu, sekunde kumi tu: "Sammy, jana nimemwombea mwanangu bila kukwama." Hajanitumia kitu kingine tangu siku hiyo.

Hatem nasikia anaonana na daktari na ameanza kulala kidogo. Kila Ijumaa namwandikia kumwomba radhi. Anasoma. Hajajibu, na sina haki ya kumdai jibu.

Wengi mtanitukana hapo chini, tukaneni tu. Lakini chukueni moja. Kosa la bahati mbaya linaweza kumpata yeyote. Ukishamtwika mwingine, hapo bahati mbaya haipo tena, hapo ni wewe na roho yako, kila asubuhi ukiamka unalifanya upya.

Wewe dereva, wewe mwalimu wa safari za shule, wewe msimamizi wa watu: ita majina. Na siku usipoita, sema hukuita, siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kuamini kwamba alijibu.